Pikapu mpya au iliyotumika: anza na mzigo, alafu hela, gari yenyewe baadaye

Msimu wa viazi ukikaribia huku kwetu Makambako simu zinaanza, huyu ana milioni 40, yule ana 60, na swali ni lile lile, kaka nichukue pikapu mpya ya mkopo au nitafute used nzuri? Huwa simjibu mtu hapo hapo. Namuuliza kwanza unabeba nini, mara ngapi kwa wiki, na unapita njia gani. Asipoweza kunijibu hayo matatu basi hata nikimwambia chukua hii au ile atakosea tu, kwaiyo na wewe unayesoma hapa tafuta karatasi na kalamu kwanza kabla hujaanza kuzunguka kwenye mayadi.

Andika mzigo. Gunia 10 za kilo mia mia ni tani moja kamili, na tani moja hivi ndio uwezo wa pikapu nyingi za aina ya Hilux au D-Max, sasa wote tunajua huku gunia haziishii kilo mia, kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, na mtu anapanga lumbesa 15 kwenye singo kabini anasema gari inabeba vizuri tu. Inabeba kweli, lakini chesisi inachoka kidogo kidogo, difu (gia za kwenye ekseli) inachoka, bushi zinakwisha, na siku ya kukatika inakatika na mzigo juu. Kama mzigo wako wa kawaida ni gunia 20 achana na pikapu kabisa, tafuta Kenta, lori dogo. Na kama kazi yako ni kusambaza soda, mayai au mikate mjini kwenye lami, angalia kirikuu kwanza, zile Suzuki Carry za injini ya cc 660, Japani wanaziruhusu kubeba kilo 350 na kwa mtu wa biashara ndogo kilo 350 kwa safari ni nyingi kuliko anavyofikiri, mafuta inanusa tu, nimeona watu wengi wanalazimisha pikapu kwa ajili ya heshima wakati kirikuu ingewatoa ndani ya mwaka.

Alafu kuna hii ya singo kabini na dabo kabini. Dabo kabini ni gari ya kubeba watu watano na mzigo kidogo, bodi lake ni fupi, na kila mtu anaitaka, mwenye familia, mkandarasi, mheshimiwa, kwaiyo used yake bei inabaki juu hata ikiwa imechoka. Kama gari ni ya mzigo, singo kabini inakupa bodi refu kwa hela ndogo zaidi. Watoto watapanda basi, ndugu yangu, hii nasema kwa upendo.

Njia nayo iandike. Huku kwetu mvua ni Novemba mpaka Aprili, na viazi vingi viko kwenye vijiji ambavyo mwezi wa pili ukienda na gari isiyo na 4WD unalala huko. Ila mwenye mzigo wa lami mwaka mzima asinunue 4WD, ni difu ya mbele, ni propela shafti ya ziada, ni mafuta zaidi, na vyote hivyo kwenye gari iliyotumika ni vitu vya kutengeneza.

Sasa hela. Nitatumia mfano wa namba, wewe weka za kwako. Chukulia pikapu mpya ni milioni 120 na mkononi una 40. Unaweka 40 kianzio, benki inakukopesha 80. Riba za mabenki yetu kwa miaka mingi zimekuwa zinacheza kwenye asilimia 15, 16 hivi, tuchukue 16 kwa miaka minne, riba ya salio linalopungua. Rejesho linakuja kama milioni 2 na laki 2 na elfu 67 kwa mwezi, na mpaka unamaliza umelipa karibu milioni 109 kwa deni la 80. Yaani riba tupu ni karibu milioni 29, ukigawa kwa miaka minne ni milioni 7 na laki 2 kila mwaka. Na hapo uulize vizuri kabla ya kusaini, kwa sababu kuna wakopeshaji wanahesabu ile 16 kwenye mkopo wote kila mwaka bila kujali umesharudisha kiasi gani, ikiwa hivyo riba inatoka milioni 29 inakuwa milioni 51, asilimia ile ile kwenye karatasi. Swali la kuuliza ni moja tu, jumla ya shilingi nitakazorudisha mpaka mwisho ni ngapi? Wakuandikie.

Sasa geuza hiyo milioni 2.267 kuwa safari. Kama safari moja ya shamba mpaka sokoni inakuachia elfu 60 mkononi baada ya mafuta, dereva na wapakiaji, unahitaji safari 38 kwa mwezi kwa ajili ya benki peke yake. 38! Zaidi ya safari moja kila siku bila Jumapili, bila mvua, bila msiba, na hapo hujanunua tairi, hujalipa bima, na wewe mwenyewe hujala. Na bima usiisahau, gari ya mkopo benki inataka bima kubwa mpaka deni liishe, na bima kubwa inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwaiyo gari ghali bima ghali.

Geuza upande wa pili. Zile zile milioni 40, unanunua used ya 32 na 8 inabaki benki. Tuseme mwaka wako wa kwanza ni mbaya, unatengeneza kwa milioni 5 na gari inalala gereji siku 30, kila siku umekosa elfu 60. Jumla umepoteza milioni 6 na laki 8. Mwaka mbaya kama huo wa gari iliyotumika bado uko chini ya riba peke yake ya gari mpya. Hii hesabu ndio inanifanya mimi niegemee used kwa mtu wa biashara ndogo, sio mapenzi ya vyuma vya zamani.

Lakini angalia hesabu imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya siku moja ya gari kulala kuwa na hasara ya elfu 60. Kwa mtu wa viazi ni sawa, kiazi kikikaa siku mbili shambani hakifi, utamtafuta jirani akubebee. Ila kuna jamaa yangu wa Njombe anakusanya parachichi za kupeleka kiwandani, tunda limeshachumwa, liko kwenye kreti, jua linapiga, ukichelewa linalainika na mnunuzi analikataa, kwake siku moja ya gari kufa ni mzigo mzima wa wakulima ambao anatakiwa kuwalipa. Yeye alichukua mpya na alifanya sawa. Kadhalika mwenye mkataba wa kupeleka vitu hospitali au mashuleni wenye faini ya kuchelewa, au mtu ambaye gari inatembea kila siku ya Mungu na anajua kwa karatasi, kwa mkataba uliosainiwa, kwamba kazi ipo mpaka deni liishe. Mkataba wa miezi sita na mkopo wa miaka minne haviendani, miezi 42 iliyobaki utalipa na nini?

Ukiwa upande wa mpya basi kuna vitu vya kuuliza kabla ya kuvutiwa na harufu ya siti. Waranti, mara nyingi ni miaka mitatu au kilomita laki moja, kinachotangulia, na kwa gari ya kazi kilomita ndio zinatangulia. Kilomita 200 kwa siku, siku 6 kwa wiki, laki moja inaisha kabla ya miaka miwili, kwaiyo ile mitatu isikudanganye. Waranti inakutaka ufanye sevisi kwao kwa wakati, sasa kituo chao cha karibu kiko wapi? Mimi kutoka hapa nikienda Mbeya au Iringa ni zaidi ya saa mbili kwenda tu, siku nzima imeenda kwa ajili ya kumwaga oili. Waulize pia wanahesabuje gari iliyozidishwa mzigo, maana springi au difu ikivunjika na wakiona ulikuwa unapiga lumbesa hakuna atakayekulipa. Na waulize spea za kawaida, pedi, filta, klachi, wana bei gani na wanazo stoo au zinaagizwa. Aina zinazoingia kwa bei nafuu toka China zinavutia sana siku hizi, na zingine ni gari nzuri, swali langu kwa kila mmoja ni lile lile, nikivunja taa na rejeta hapa Makambako, spea nitapata siku ngapi? Hilux hata kwenye duka la kijijini unapata filta. Hiyo ni thamani ambayo haiandikwi kwenye bei.

Kitu kingine, nani ataendesha? Kama ni dereva wa kuajiri, na zaidi kama ni deiwaka anayebadilika kila wiki, gari mpya ya milioni 120 ndani ya miezi sita inaanza kufanana na gari ya miaka mitano. Nimeshaona klachi mpya imeungua ndani ya miezi minne.

Haya, used. Hapa ndio kwenye maneno mengi na hapa ndio watu wanalia.

Zinakuja kwa njia tatu. Ya kwanza unaagiza nje mwenyewe au unachukua yadi iliyoshuka karibuni. Watu wanadhani kila kitu kizuri kinatoka Japani, kwa pikapu sio hivyo, Toyota waliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na kuirudisha 2017, kwaiyo ukiambiwa hii ni Hilux ya 2010 iliyokuwa inatumika Japani uliza maswali. Nyingi za miaka hiyo zilitoka Thailand, ndio hizo watu wanaziita Vigo, na za kuanzia 2015 wanaita Revo, zingine zimetoka Afrika Kusini, zingine Uingereza. Namba ya chesisi inakuambia, ikianza na MR0 imetengenezwa Thailand, ikianza na AHT ni kiwanda cha Toyota cha Afrika Kusini. Kwenye Hilux hiyo namba imegongwa kwenye chesisi yenyewe upande wa kulia karibu na tairi ya mbele, futa tope usome, ilingane na kadi ya usajili herufi kwa herufi, na kama sehemu hiyo imesagwa, imechomelewa au ina rangi mpya kuliko pembeni yake, ondoka. Usibishane wala usiulize bei ya mwisho.

Za Uingereza ziangalie chini, kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na chumvi inakula chesisi, pikapu kwa nje inaonekana safi kabisa, chini inamenyeka kama maganda. Nissan Navara za toleo la D40 kule Uingereza zililalamikiwa sana kwa chesisi kuoza mpaka kukatika, kwaiyo ukiletewa moja ya huko lala chini yake na tochi. Pia gari za Ulaya za miaka ya karibuni zina lile chujio la masizi kwenye eksozi, DPF, ambalo linataka dizeli safi na mwendo mrefu wa kasi ili lijichome masizi, ukiwa wa safari fupi fupi za kijijini linaziba na gari inakosa nguvu.

Kabla hujatuma hata senti nje, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, weka aina, mwaka, nchi inakotoka na ukubwa wa injini, uone kodi. TRA wana thamani yao kwenye mfumo, sio lazima ilingane na bei uliyonunulia, na watu wengi gari zao zimelala bandarini kwa sababu walihesabu kodi kwa risiti ya muuzaji. Na kadri gari inavyozeeka kuna ushuru wa uchakavu unaongezeka, kwaiyo gari ya bei rahisi sana kule inaweza kuwa ghali ikifika hapa. Ndugu zangu wa Kenya nyie mna ukomo wa miaka 8, Uganda miaka 15, hesabu mwaka wa kutengenezwa kabla ya kulipia.

Njia ya pili ni gari iliyokwisha tembea hapa hapa. Watu wanauza kwa namba, hii ni namba D, hii namba E, kama vile herufi ndio afya ya gari. Namba inakuambia gari imesajiliwa lini Tanzania, basi. Gari ya 2005 iliyoingia juzi itakuwa na namba E na kilomita za miaka 20. Mimi naona uzuri mmoja mkubwa wa gari ya hapa, unaweza kumjua aliyekuwa nayo. Gari ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anaendesha mwenyewe kwenda shamba Jumamosi, hata kama ina miaka 15, naichukua kabla ya gari ya miaka 7 iliyokuwa inabeba mchanga au mirungi. Nenda mtaani kwake, uliza, muulize fundi wake. Fundi wake ndio mtu wa muhimu kuliko dalali, atakuambia hii tumefungua injini mwaka jana, au hii sijawahi kuigusa zaidi ya oili.

Ya tatu ni mnada, gari za serikali na za miradi, zile zilizokuwa na namba za STK, SU au DFP. Zinauzwa kama zilivyo zilipo, huruhusiwi kuizungusha barabarani, mara nyingi hata betri haina. Zipo zilizotunzwa na kitabu cha sevisi kipo, na zipo ambazo zilishanyonyolewa kila kitu kabla ya mnada, tabo sio yake, pampu sio yake. Ukienda mnadani nenda siku za ukaguzi na fundi, weka kikomo chako kwenye karatasi, na kwenye kikomo hicho toa kwanza milioni kadhaa za kuifufua. Watu wakianza kupandishiana bei pale damu inachemka, ukipita kikomo toka nje.

Nisimulie yangu, maana niliyoyaandika chini hapa nimeyalipia. 2017 nilichukua dabo kabini Dar kwa milioni 28, rangi inang'aa, siti zina kava mpya, mita inasoma kilomita laki moja na elfu 20. Muuzaji muungwana sana, alininunulia na chai. Nikaendesha mpaka huku haina shida. Mwezi wa tatu natoka Wanging'ombe na viazi, sio vingi, nikasimama kununua maji, kurudi mlango wa dereva haufungi. Nikadhani ni kitasa. Nikapakua mzigo, mlango ukafunga. Fundi alivyolala chini akaniita nikaone, chesisi nyuma kidogo ya kabini ilikuwa imeshakatika zamani na kuchomelewa, juu wakapaka lami nyeusi ile ya kuzuia kutu, na ule uchomeleaji umefunguka, gari ilikuwa inapinda ikibeba na kunyooka ikishusha. Nilitumia zaidi ya milioni 6, haikukaa sawa, nikaiuza kwa milioni 13 na aliyenunua nilimuonyesha ile sehemu kwa kidole kwa sababu nisingeweza kulala. Msimu mzima wa viazi nilibeba kwa kukodi gari za watu. Ingechukua dakika kumi kuiona siku ile kama ningelala chini.

Kwaiyo ukaguzi uende hivi. Nenda asubuhi, na usiseme saa kamili unayofika, ukifika shika boneti kabla hujasalimia sana, ikiwa ya moto wameshaiwasha ili isikuonyeshe inavyoamka. Injini ya baridi haifichi. Iwashe mtu mwingine wewe ukae nyuma kwenye eksozi. Moshi wa bluu usioisha inakula oili, mweupe unaoendelea hata ikishapata moto angalia maji ya rejeta yanapungua na silinda hedi, mweusi mwingi ukikanyaga ni nozeli, filta ya hewa au tabo. Kabla haijawashwa fungua rejeta uangalie kama kuna mafuta yanaelea, chomoa stiki ya oili uone kama imekuwa kama maziwa. Ikiwa inaunguruma fungua kifuniko cha oili, ikipumua kwa nguvu inarusha moshi ringi zimechoka.

Alafu simama pembeni ya gari mbali kidogo uangalie nafasi kati ya kabini na bodi. Inatakiwa iwe sawa juu na chini. Ikiwa juu ni pana kuliko chini, chesisi imeshuka nyuma, hiyo imebeba ikazidishwa. Hesabu springi za nyuma, zikiwa zimeongezwa majani ya ziada ujue mwenye gari alikuwa na kazi gani nayo. Toa kapeti au plastiki ya kwenye bodi uone sakafu yake. Kisha lala chini, na tochi, na nyundo ndogo, gonga gonga chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza kinabwata. Rangi nyeusi mpya chini ya gari ya zamani ni kitu cha kukwangua, muuzaji akikukatalia kukwangua umeshapata jibu.

Mita usiiamini peke yake, kuirudisha nyuma ni kazi ya nusu saa. Angalia raba za pedeli, usukani ulivyolainika, siti ya dereva upande anaoingilia, kishikio cha gia. Pedeli imekwisha mpaka chuma na mita inasoma elfu 80, haviendani. Vioo vyote vina maandishi madogo ya kampuni, kimoja kikiwa tofauti uliza kilivunjikaje. Kwenye kuijaribu tafuta mlima, tafuta na tope au mchanga, weka H4, weka L4, zile gia za 4WD, ya kasi na ya nguvu, usikubali kuambiwa inafanya kazi ila hatuitumii. Na fundi awe wako, mlipe wewe, asiwe amependekezwa na dalali.

Injini nazo tofauti. Kama uko mbali na mji na fundi wako ni wa kawaida, zile Hilux za zamani za injini 3L na 5L hazina tabo wala komoni reli, ule mfumo wa kisasa wa kupuliza dizeli kwa presha kubwa, haziendi mbio lakini zinatengenezeka chini ya mwembe. Za D-4D, yaani dizeli za Toyota za komoni reli, 2KD ya 2.5 na 1KD ya 3.0, zina nguvu na mafuta hazili sana ila hazivumilii dizeli ya kwenye madumu yenye maji. 1KD inajulikana kwa kitu kimoja, zile washa za shaba chini ya nozeli zikivuja masizi yanaingia kwenye oili yanaenda kuziba chujio la pampu ya oili kule chini kwenye sampu, injini inakauka mtu yuko safarini. Uliza kama zimeshawahi kubadilishwa, kama hajui hesabu kwamba hazijabadilishwa. Hizi zote mbili zina mkanda wa taiming, taa ya T-BELT ikiwaka kwenye dashibodi maana yake muda umefika, na dalali anaweza kuizima bila kubadilisha mkanda. D-Max ya 3.0, 4JJ1, inatumia cheni na ni injini ninayoiheshimu kwa mzigo. Revo za 2.8 na 2.4 nazo ni cheni, ila nyingi bado bei yake inakaribia kukurudisha kwenye mawazo ya gari mpya, na ikifika hapo, used ya robo tatu ya bei ya mpya bila waranti, mimi sioni sababu.

Karatasi usiziache kwa dalali. Unataka kuona kadi orijino, jina kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza vilingane. Kuna mtindo wa gari imeuzwa mara tatu na kadi bado jina la mtu wa kwanza ambaye yuko Mwanza au ameshafariki, hapo utanunua matatizo ya mirathi ya watu. Angalia madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari, hakikisha TRA kama haina deni na kama haijawekwa dhamana ya mkopo. Mkataba uandikwe kwa wakili, bei iandikwe ya kweli, hela ipite benki. Na siku unayolipa salio la mwisho iwe siku mnayoenda kuanza kuhamisha umiliki, mkiwa pamoja, asije akakuambia nenda tu utahamisha baadaye.

Ile akiba niliyosema ya milioni 8 kwenye 40, yaani moja ya tano, usiiguse kujazia bei hata gari ikikupendeza vipi. Gari ikishakuwa yako ipeleke gereji moja kwa moja kabla ya gunia la kwanza, badilisha oili ya injini, ya gia boksi na ya difu zote, filta ya dizeli, ya oili na ya hewa, mkanda wa taiming kama hujui umebadilishwa lini, maji ya rejeta na hozi zake, pedi na oili ya breki, angalia bering za magurudumu. Kitakachobaki kaa nacho, maana ndani ya miezi mitatu ya kwanza gari itakuonyesha kile ambacho hukukiona, klachi au shokapu au alteneta, na mwenye hela pembeni anatengeneza siku hiyo hiyo kwa spea nzuri, asiye nayo anafunga spea feki alafu anakuja kulaumu used.